Nasaha za kale kwa vijana: zifundishwe kama mwongozo, au zisomwe kama ushahidi?

Mtoa mada: Hudaiwa mara kwa mara kwamba vijana wamepotoka kwa kuacha nasaha za wazee, na kwamba dawa ni kurudisha darasani maandishi ya kale ya adabu yawe mwongozo wa maisha. Naunga mkono yasomwe, ila napinga kuyafanya sheria. Maandishi ya namna hiyo hayatuelezi vijana wa zamani walivyoishi. Yanatueleza walichokatazwa, na ni nadra mtu kukataza jambo lisilotendwa. Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, katika kitabu cha Kilatini cha adabu za wavulana alichokitoa mwaka 1530, alionya dhidi ya kupangusa kamasi kwa kofia au kwa nguo. Onyo hilo lisingeandikwa kama kofia zote zingekuwa safi.

Mchangiaji: Ndugu yangu, umechagua kamasi kwa kuwa ni rahisi kuzicheka. Utazame basi Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo Mwana Kupona, mama mgonjwa na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu katika kisiwa cha Pate, anamwachia binti yake wosia anaoufananisha na hirizi na kidani cha lulu na marijani. Anamfunza kushika dini, kuwa na adabu na kuuchunga ulimi. Ni kipi hapo kilichopitwa na wakati?

Mtoa mada: Hayo uliyoyataja nayakubali, lakini umeruka penye mzozo. Katika utendi huohuo binti anahitaji radhi tano, za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na mume huyo anatakiwa kutunzwa kama mtoto asiyejua kusema. Wapo wahakiki wanaosikia kejeli katika maneno hayo. Mimi sijashawishika kwamba utendi mzima ni kejeli, ila tashbihi hiyo ina makali yake, na mwalimu anayeufundisha kama amri atakuwa amelifunga swali kabla mwanafunzi hajaliuliza.

Linganisha na aliyoambiwa kijana wa kiume. Lord Chesterfield wa Uingereza alimwandikia mwanawe Philip barua kwa takriban miaka 30, akimfunza namna ya kuingia ukumbini, kuzungumza na wakubwa, na hata kutabasamu bila kusikika akicheka. Wote wawili wanafunzwa kupendeza, lakini mvulana apendeze ili apande cheo, na msichana apendeze ili apate radhi. Tofauti hiyo haionekani mpaka maandishi hayo mawili yawekwe pamoja.

Tena, Philip alioa kwa siri na kupata watoto, na baba yake akajua baada ya kijana huyo kufariki mwaka 1768. Mjane wake ndiye aliyeziuza barua hizo, zikachapishwa mwaka 1774. Nasaha za mkwe zimetufikia kwa mkono wa mke ambaye mtoa nasaha hakujua kwamba yupo.

Mchangiaji: Kuhusu tashbihi ya mtoto bado hatujakubaliana, kwani mimi naona huruma pale unapoona makali. Hata hivyo naafiki visomwe katika somo moja, kwa sharti kwamba wavulana ndio waufafanue utendi, na wasichana wazifafanue barua.