MJADALA: Aliyeasiliwa akishafika miaka 18, afunguliwe faili lake au asifunguliwe?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Naomba tuliongee jambo ambalo familia nyingi hapa Nairobi zinalo na hazilisemi. Mtu aliyeasiliwa akiwa mchanga, yaani aliyefanywa kisheria mtoto wa wazazi wasiomzaa, akishakuwa mtu mzima, ana haki ya kujua jina la mama aliyemzaa? Msimamo wangu nausema mapema: anayo, na asilazimike kumwomba jaji.

Kwa wasiojua mambo yalivyo: Mahakama Kuu ikishatoa amri ya kuasili, mtoto huandikwa kwenye Rejista ya Watoto Walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu. Yale maandishi ya kwanza ya kuzaliwa kwake, kama yalikuwapo, hutiwa alama kwamba mtoto huyu ameasiliwa. Halafu kuna kumbukumbu nyingine inayounganisha pande hizo mbili, inayoonyesha kwamba huyu wa leo ndiye yule wa wakati ule. Ugomvi wote uko hapo. Sheria ya Watoto ya 2001, ambayo ndiyo iliyotumika kwa wengi ambao sasa wamekua, iliifunga kumbukumbu hiyo. Huonyeshwi chochote mpaka uje na amri ya mahakama.

Mimi niliasiliwa nikiwa na miezi kadhaa. Wazazi wangu hawakunificha, Mungu awabariki, na sitafuti mama mwingine; mama ninaye. Nilichokwenda kutafuta ni karatasi. Katika ofisi moja hapa mjini afisa alilitoa faili langu, la manila, limefungwa kwa uzi. Akasoma ukurasa wa kwanza kimya, akageuza wa pili, akalifunga. Akaniambia, "Ndugu yangu, yako yamo humu, lakini mimi sina ruhusa." Watu wote waliowahi kusoma jinsi nilivyokuja duniani ni wageni kwangu, na mimi mwenyewe sijasoma.

Wapo wanaosema huu ni udaku. Basi njoo tuende hospitali. Daktari anauliza: kwenu kuna kisukari? Presha? Saratani ya matiti? Selimundu? Miaka yote najibu "sijui", naye anapiga mstari. Sasa nimepata mtoto, na fomu yake kliniki imepigwa mstari uleule upande wa baba.

Na tuko Kenya, jamani. Nilipopeleka posa, wazee wa mke wangu waliniuliza ukoo kabla ya kutaja mahari, maana kwao hawaoani ndani ya ukoo mmoja. Ukoo nilioutaja ni wa baba aliyenilea, na ni wangu kwa haki zote. Lakini kwa damu, nani atanihakikishia kwamba sikuoa binamu yangu?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo serikalini, na hata zilizo mikononi mwa mtu mwingine kama anazihitaji kulinda haki yake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikataa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anyimwe jina la baba katika cheti cha kuzaliwa. Kama jina la baba ni haki ya mtoto, la mama limekuwaje siri?

Mnaopinga, karibuni. Nitajibu.

Mama wa wawili, Kasarani

Mwanangu, mimi ni mama mlezi wa watoto wawili, wote wa kuasili, na wote wanajua tangu chekechea. Kwa hiyo sisemi kwa hofu ya kuibiwa watoto. Ninachokataa ni hiyo 18. Kwetu miaka 18 ni mtoto aliyetoka kufanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, juzi, anahangaikia kitambulisho na hajui ataenda chuo gani. Umpe faili linalosema mama yake alibakwa, au alimwacha kwenye choo cha stendi? Atalishika vipi? New Zealand walipofungua kumbukumbu zao kwa sheria ya 1985 waliweka miaka 20. Mimi ningeweka 21, na mzazi mlezi aruhusiwe kuwepo kama mtoto anataka.

Halafu kuna jambo mnalisahau. Msipowaambia watoto mapema kwamba waliasiliwa, hata mkifungua mafaili yote ya Nairobi hayatawasaidia, kwa sababu hakuna anayekwenda kudai kumbukumbu asizojua kama zipo. Najua nyumba ambako siri hiyo ilitoboka matangani, mbele ya mwili wa baba, watu walipoanza kugombania shamba. Sitasema zaidi.

Afisa mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa watoto mpaka nikastaafu. Naomba niwaeleze kilichomo humo ndani, maana mnapigania kitu ambacho wengi hamjakiona.

Kuna mafaili ya aina mbili. La kwanza ni la mama aliyekuja mwenyewe. Huyo alihojiwa, akaeleza hali yake, na mtoto hakuweza kuasiliwa kabla ya kutimiza wiki sita. Humo utakuta jina, umri, wakati mwingine kijiji, hata jina la chifu. Ila wasichana wengi walitaja majina ya uongo, na sisi hatukuwa na njia ya kuhakikisha kama hana kitambulisho.

La pili ni la mtoto aliyeokotwa. Hilo lina namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, mahali alipopatikana, nguo alizokuwa amevaa, na barua ya polisi baada ya miezi sita kwamba hakuna aliyejitokeza kumdai. Jina alipewa na muuguzi wa zamu au na askari aliyempokea. Humo jina la mama halikufichwa, halikuwahi kuandikwa. Mwanzisha mada, kwa hawa sheria yako haitaleta jina lolote, na lazima waambiwe hivyo kabla hawajafika kaunta. Nimeona mtu mzima akiketi chini sakafuni baada ya kusoma "alipatikana kando ya mto, amefungwa leso ya kijani".

Kufungua naunga mkono. Lakini asikabidhiwe bahasha dirishani kama anayechukua leseni. Uingereza walipofungua mwaka 1975, walioasiliwa kabla ya sheria hiyo walilazimika kwanza kuketi na mshauri. Nadhani walifanya busara.

Wa South C

Kwetu Waislamu jambo hili lilishakatwa. Yatima unamlea, unamlisha, unamsomesha na thawabu zake ni kubwa, lakini nasaba yake huibadilishi. Sura ya Ahzab imeamuru wana waitwe kwa baba zao. Ndiyo maana tuna kafala, na Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua. Mtoto wa kafala harithi kama wa kuzaa, ila unaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi. Tangu siku ya kwanza anajua yeye ni nani. Kufuta jina la mtu kisha miaka ishirini baadaye kubishana kama arudishiwe ni kujitafutia taabu.

Wa Umoja

Mnajichosha na sheria. Siku hizi DNA inamaliza. Watoto wa Nanyuki ambao baba zao ni wanajeshi wa Uingereza wametafutiwa baba zao kwa kulinganisha vinasaba na ndugu waliojipima kwenye makampuni ya huko, na wakapatikana. 

Mwanzisha mada

Wa Umoja, hiyo ndiyo sababu nataka sheria. DNA haimleti mama kwanza. Inamleta binamu wa pili aliyeko Marekani au Uingereza, maana huko ndiko wengi waliojipima waliko. Binamu anauliza shangazi, shangazi anapeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kabla ya jioni watu mia wameshajua ambalo mama hajaulizwa. Anayetaka siri ya mama ilindwe aogope njia hiyo kuliko anavyoogopa faili.

Mgeni

Nimesita sana kuandika. Mimi niko upande mwingine wa hayo mafaili.

Nilijifungua nikiwa mwanafunzi. Sitasema mwaka wala hospitali. Kilichonipata hakikuwa mapenzi. Niliambiwa nitie saini, nirudi shule, hakuna atakayejua. Nikatia. Leo nimeolewa, nina watoto wakubwa, mume wangu ni mzee wa kanisa na hajui. Mnazungumza haki, haki, na Kifungu cha 31 cha faragha hakuna hata mmoja wenu aliyekitaja. Si na mimi ni raia? Kijana akigonga geti langu Jumapili mchana akiwa na uso wangu, mnataka nimwambie nini mume wangu, nimwambie nini binti yangu?

Msifikiri nimesahau. Tarehe ile ikifika kila mwaka mimi hufunga na kuomba, na nyumbani wanadhani ni mambo ya kanisa.

Mwanzisha mada

Mama, shikamoo. Asante kwa kuandika, najua imekugharimu. Sitakujibu kwa haraka na sitakujibu kama wakili.

Naomba tutenganishe mambo mawili: jina na geti. Jina la aliyenizaa ni langu pia. Ahadi uliyopewa ilitolewa na watu wazima, na aliyehusika zaidi ya wote alikuwa na wiki sita. Hawakuwa na mamlaka ya kuahidi kwamba mtu huyo hatajua asili yake mpaka kufa. Ila geti ni lako. Hakuna haki yoyote duniani inayonipa ruhusa ya kuingia nyumbani kwako, kwa mumeo na wanao, bila wewe kutaka.

Wenzetu wamelishughulikia hili. New Zealand walimruhusu mzazi aliyetoa mtoto kabla ya sheria ile kuweka pingamizi la miaka kumi, akitaka analirudia, na taarifa za kumtambulisha hazitolewi. Ireland walipopitisha sheria yao mwaka 2022 walikwenda mbali zaidi: taarifa za kuzaliwa hutolewa zote, ila mzazi anaweza kuandikisha kwamba hataki kuwasiliana, na anayetafuta huelezwa hivyo katika mazungumzo maalumu kabla ya kupewa karatasi. Mimi niko na Ireland. Pingamizi la New Zealand naliona linamfanya mtu mmoja kuwa mlinda lango wa maisha ya mwenzake. Najua kwa hili sitakupendeza, na sitaki kukudanganya.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri lilisitisha watoto wa Kenya kuasiliwa na wageni, kwa hofu ya biashara ya watoto. Novemba 2020 waandishi wa BBC walionyesha jinsi watoto wanavyoibwa barabarani na kuuzwa papa hapa Nairobi. Mtoto wa kuibwa akitengenezewa karatasi za uongo, faili lililofungwa linamlinda nani? Linamlinda aliyeandika uongo ule. Mama zao nao wapo, mama, na hawakutia saini popote. Wanatafuta, na mtoto wao akishakua hana pa kusoma lililoandikwa juu yake ili aone kwamba si kweli. Kwa ajili ya hao siwezi kukubali kwamba kufunga ndiyo iwe kawaida na kufungua iwe hisani ya jaji.

Wakili wa kesi za familia

Nisiwarudishe nyuma, ila wenye haja leo wasisubiri Bunge. Tafuta kwanza amri yako ya kuasiliwa. Ina namba ya shauri na mwaka. Ukishapata namba, unapeleka ombi Mahakama Kuu, kitengo cha familia, kwa hapa ni Milimani. Eleza sababu kwa ukamilifu. Ya kitabibu iambatanishwe na barua ya daktari, usiiseme kwa mdomo tu. Ukiomba taarifa zisizotaja majina, yaani historia ya afya, umri wa mama, mkoa alikotoka, unampa jaji nafasi ya kukusaidia bila kugusa faragha ya mtu mwingine. Hata hayo tu watu wengi hawajui kwamba wanaweza kuyaomba peke yake.

Kwa shirika lililoshughulikia kuasiliwa kwako, andika barua chini ya Sheria ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu. Wanaweza kukataa kwa hoja ya faragha, maana sheria hiyohiyo inawaruhusu, lakini wakikataa kwa maandishi umepata kitu cha kupeleka kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Kukataliwa kwa mdomo kaunta hakukufikishi popote. Na kwa walioasiliwa nje ya nchi: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Hague wa kuasili, na Kifungu cha 30 kinadai taarifa za asili ya mtoto zihifadhiwe. Anzeni kwa kuuliza kama faili bado lipo. Nimeona yaliyoliwa na mchwa.

Mama wa wawili, Kasarani

Hilo la mchwa, wakili, limenishtua. Kesho naanza kutafuta nakala za wanangu wote wawili. Mgeni, dada yangu, pole. Mimi nimelea watoto wa wanawake kama wewe na sijawahi kukuhukumu hata siku moja.

Mwanzisha mada

Mgeni, nina swali moja kama bado uko. Tuseme sheria inasema anayetafuta haji kwako, haelezwi unakoishi, hapewi namba yako. Anaandika barua tu, inakaa kwa afisa, na wewe unaamua kuisoma au kutoisoma. Ungekubali?

Mgeni

Niko.

Barua ningesoma. Ila isiletwe nyumbani wala nisipigiwe simu, maana simu yangu hushikwa na watoto. Niende mimi, siku niipendayo, nje ya mtaa wetu. Afisa awe mwanamke, na awe ameapa. Nisilazimishwe kujibu siku hiyo, na nikikaa miaka miwili kabla ya kujibu pasiandikwe kwamba nimekataa. Na kama kijana ni mgonjwa anahitaji damu au figo, hiyo isisubiri barua, niambiwe mara moja.