Jeli yangu ina mistari miwili: nani kaamua eksoni irukwe?

Pipeti_Moja
Wakuu, nimekesha na jeli moja tu (hutenganisha vipande vya DNA kwa urefu, vifupi hushuka chini zaidi). Nimetoa RNA kwenye seli za mtu asiye na jeni ya SMN1, nikaigeuza DNA, nikakuza SMN2, jeni pacha yake, kuanzia eksoni (kipande kinachobaki kwenye RNA iliyokamilika) ya 6 hadi ya 8. Nilitegemea mstari mmoja, nimepata miwili, na wa chini ndio unaong'aa zaidi. Nikajua nimechafua sampuli. Nimerudia, yaleyale. Umbali kati yao ni kama herufi 50, na eksoni ya 7 ina 54, basi imerukwa. Ila introni (vipande vinavyokatwa na kutupwa) za pande zote mbili zinaanza na GU na kuishia na AG. Alama zipo! Splaisosomu, mtambo wa seli unaokata introni na kuunga eksoni, imezipitaje?

Mkasi
Sampuli yako ni safi, mkuu. GU na AG zimejaa kila mahali ndani ya introni, nyingi hazikatwi kamwe. Kazi iko kwa sehemu mbili za splaisosomu: U1 kushika mwanzo wa introni na U2 kushika karibu na mwisho wake, na pale zinaposhika kwa ulegevu, protini nyingine ndizo zinazoamua. Za kundi la SR hukaa juu ya eksoni na kuivuta mitambo ije. Protini nyingine, hnRNP A1, mara nyingi huizuia.

Sasa itazame herufi ya sita ya eksoni hiyo. SMN1 ina C, SMN2 ina T. Amino asidi haibadiliki, kwa hiyo ukisoma msimbo peke yake utaipuuza. Lakini SRSF1, mojawapo ya zile za kundi la SR, inapoteza pa kukaa, na hnRNP A1 inapata.

Bi_Introni
Na kiti kingine cha hnRNP A1 kiko ndani ya introni ya 7, hatua chache tu baada ya eksoni: ISS-N1. Nusinersen, dawa ya SMA (ugonjwa wa misuli kudhoofika unaoletwa na kukosa SMN1) iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2016, hufunika hapo tu. Kiti kikizibwa, eksoni inabaki.

Pipeti_Moja
Kwa hiyo nikiipunguza hnRNP A1, mstari wa juu utapanda?

Mkasi
Punguza na hnRNP A2 pia, hizo ni pacha, moja hushika nafasi ya mwenzake. Halafu punguza mizunguko ya PCR (ule ukuzaji wa DNA): kipande kifupi hukua upesi, huenda huo mng'ao wa chini umekudanganya kidogo.