Tupeane uzoefu: moto kwenye vinu, maghala na nyumba za kale

Mwenye mada (Malindi)
Salaam aleykum. Jana barazani mtu kasema habari za vinu vya kale kuungua kando ya reli za mizigo ni za Marekani, sisi hazituhusu. Kweli, bandari ya Lamu ilianza kupokea meli 2021 na reli yake bado iko kwenye ramani tu, haijajengwa. Lakini vinu tunavyo, maghala tunayo, na kila moto ukizuka jibu ni moja: "Ni stima." Nataka mlichokiona kwa macho. Ulianzia wapi, ukapitia wapi, ukazimwa vipi? Majina ya wenye mali wekeni mfukoni.

Wa Mkomani, Lamu
Aleykum salaam. Watu hudhani nyumba ya mawe haiungui. Kuta ni matumbawe na chokaa, sawa, lakini dari imelala juu ya boriti za mikoko zilizokauka tangu enzi za mababu. Moto niliouona ulianzia jikoni yuu, ukapita ndani ya wikio, kile chumba kinachovuka ndia na kuunganisha nyumba mbili, ukaingia kwa jirani. Sisi tuko chini twamwaga mai mlangoni, pasipo na moto! Gari la zimamoto lisahau, uchochoro wetu punda wawili wenye mizigo hawapishani. Ulikatika vijana walipoivunja sakafu ya wikio, huku ndoo zikipita mkono kwa mkono kutoka kisima cha msikiti.

Langoni huku
Hapa Lamu, upepo wa kaskazi ukivuma na paa ni la makuti, usihangaike na nyumba inayowaka. Lowesha za upande wa upepo, kule unakoelekea.

Mzee wa Malindi
Marehemu baba alifanya kazi kwenye kinu cha pamba. Alituambia adui mkubwa ni msumari. Mkulima anafunga gunia ovyo, msumari au kijiwe kinaingia na pamba, kinagonga meno ya msumeno wa mashine, cheche inatoka. Hapo ukiona mwali una bahati. Cheche ikishindiliwa pamoja na nyuzi ndani ya robota, moto unalala humo na nje huoni kitu. Wao walishamwagia maji, wakashukuru Mungu, wakaenda kula. Kesho yake ghala likanuka moshi. Ikabidi marobota yote yatolewe uwanjani, yatengane, moja moja lipasuliwe, na watu wakakesha nayo. Waliotaka kuyarudisha mapema ili mvua isiyaharibu waligombana sana na baba. Yeye alikuwa mkaidi, na kwa hilo nampa haki yake.

Mama Unga, Mambrui
Mzee, kwangu ni mashine ya kusaga mahindi. Mkanda ulilegea ukawa unateleza kwenye puli hadi ukanuka mpira, fundi akauwahi. Tangu hapo nafagia unga hata juu ya mapao ya paa. Kijana wangu alitaka kuupeperusha kwa kompresa, nikamtoa nje. Vumbi la unga likitanda hewani ndani ya chumba, cheche moja ni baruti. Watu hunicheka: unga gani unalipuka?

Mbajuni wa Minneapolis
Wasikucheke, Mama. Hapa ninapoishi, tarehe 2 Mei 1878, kinu cha Washburn A kando ya mto Mississippi kililipuka kwa vumbi hilohilo la unga, wakafa watu 18. Kilijengwa upya 1880, safari hii na mitambo ya kunyonya vumbi. Reli ilifika mpaka kinuni: ngano ikiingia, unga ukitoka. Kikafungwa 1965, na 1991 kikaungua vibaya kikiwa tupu. Hawakubomoa magofu. Mwaka 2003 walifungua makumbusho ndani ya kuta zilezile. Lamu imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini nyumba ikiungua naona mabati na simenti vinafika kabla ya majivu kupoa.

Mwenye mada
Mbajuni umesema kweli, japo mwenye nyumba naye atalala wapi? Wa Langoni, hizo nyumba za upande wa upepo mnazilowesha kwa ndoo?

Langoni huku
Ndoo hazitoshi. Tulichangishana tukanunua pampu ya petroli, ile ya kumwagilia shamba, na mpira mrefu. Inavuta maji ya bahari. Chumvi itakula chokaa baadaye, tutapiga lipu. Shida ilikuwa petroli, wenye boti walikuwa wakiikopa. Sasa dumu liko stoo ya msikiti na ufunguo anao muadhini, maana ndiye asiyetoka mtaani.