Tupeane uzoefu: wenye magari ya spoti ya zamani, lako limewahi kuisha kweli?

Wakuu, habari za Jumapili. Nimetoka gereji sasa hivi, mikono inanuka petroli, na mama watoto kaniuliza swali moja tu: "Linaisha lini?" Nimekosa jibu, nikaona nililete kwa wagonjwa wenzangu.

Langu ni Datsun 240Z ya 1972. Waliokula chumvi nyingi wanaijua: ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, mara hiyo ya pili usukani akiwa nao Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mzee wangu alizisimulia hizo mbio mpaka nikakua na homa yake. Niliikuta Upanga nyuma ya nyumba ya watu, kuku anataga kwenye siti ya abiria. Muuzaji akasema, "Bodi safi, ni kuwasha tu."

Bodi safi! Anayeenda kununua gari la zamani Dar atembee na sumaku iliyofungwa kitambaa. Mimi hiyo mbinu nilifundishwa nikiwa nimeshalipa. Kwenye boneti ilishika, kufika chini ya mlango ikateleza ikaanguka. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na puti, ile plasta ya kuzibia mashimo ya bodi. Fundi bodi alipogonga na nyundo likadondoka bonge nene kama andazi, na ndani yake gazeti lililokunjwa. Gazeti, wakuu! Tukainua kapeti, tukawa tunaangalia mchanga wa Tabata. Chini ya betri ndiyo usiseme, tindikali ilikuwa imeshakula mpaka kwenye chasi.

Tukachomelea upande wa kulia, tukapaka praima, ile rangi ya chini ya kutangulia, hela ikakata. Masika ikapita. Nikarudi Juni, kutu imechanua juu ya kazi mpya kama ukoko wa wali, kwa sababu praima peke yake haizuii maji. Nilikuwa sijui. Tukakwangua, tukaanza upya. Tulivyomaliza kulia, kushoto kukawa kumeoza zaidi.

Injini haikunisumbua sana. Ni L24, silinda sita za mstari mmoja, ndugu wa damu wa L28 iliyofungwa kwenye Nissan Patrol za petroli, kwa hiyo pampu ya maji niliipata Gerezani kwenye Patrol iliyochinjwa. Kabureta mbili nilimpelekea mzee mmoja wa Ilala. Hana mashine yoyote. Anachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza hewa inavyovuma. Anahamia ya pili, anazungusha skrubu robo, anarudi ya kwanza. Nusu saa nzima hasemi na mtu. Alipomaliza, sarafu ilisimama juu ya injini inayounguruma.

Huu mwaka wa sita. Tiririkeni.

Mdau wa Msasani: Mkuu, afadhali yako ni ya Kijapani, spana zako unazo. Mimi nina MGB ya 1965, ya Kiingereza, nati zote za inchi. Fundi anachukua spana namba 13 ya milimita, inaingia ila inacheza. Anakaza roho, kichwa cha nati kinakuwa duara kama gololi. Nati tatu zilikatwa kwa grainda siku ya kwanza. Halafu umeme sasa. Fundi umeme kafungua boneti, katafuta betri mpaka kaniuliza kama imeibiwa. Ziko mbili, za volti 6 kila moja, zimejificha nyuma ya viti. Kilichoniua ni kwamba hizo za miaka ile chanya ndiyo inaenda kwenye bodi, hasi ndiyo inayobeba moto. Nilimwambia, akacheka, akafunga "inavyotakiwa". Redio ya zamani, iliyokuwa nzima miaka yote hiyo, ikatoa moshi mmoja mwembamba ikanyamaza. Mpaka leo naendesha nikiimba mwenyewe.

Mdau wa Mbezi: Binti yangu alizaliwa gari liko juu ya mawe. Sasa yuko darasa la tano, na mawe ni yale yale.

Mdau wa Kigamboni: Sisi wa karibu na bahari tunapambana na chumvi usiku na mchana, hata turubai halisaidii, linafuga unyevu tu. Ila funzo langu kubwa ni skrubu. Fundi wangu alihama gereji akaondoka na ndoo iliyokuwa na nati zote za gari. Tangu hapo nakata chupa za maji za nusu lita, kila chupa na karatasi yake: "bawaba mlango wa kulia", "bampa nyuma". Mke wangu anasema stoo imekuwa maabara.

Mdau wa Tegeta: Mimi niliuza nikanunua Toyota IST. Nalala vizuri. Ila nikisikia mlio wa silinda sita pale Mwenge nageuka kama nimeitwa jina.

Mleta mada: 😂 Mkuu wa Msasani pole sana. Mrejesho: jana niliizungusha mtaa mzima, watoto wanakimbia nyuma. Kurudi, naona unyevu kwenye tairi ya nyuma. Breki inavuja. Nimerudisha mawe.

Mdau wa Kimara: Mkuu, unauza bei gani?

Mleta mada: Siuzi. Ila kama una raba ya mlango wa nyuma ya 240Z, njoo pembeni tuongee.