Nimejipima kotisoli (homoni ya tezi za juu ya figo) nyumbani, imetoka 118. Ni mkorogo umenifanya hivi?

MamaTwaha, Leicester

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanilaumu.

Nina miaka 41, nahudumia wazee hapa Leicester, Uingereza, zamu za usiku, siku nne kwa wiki. Miaka sita nimepaka mkorogo. Nilikuwa nauchanganya mwenyewe: losheni, tyubu mbili za klobetasoli (krimu kali ya steroidi) za gramu 30, na maji ya kichupa ambayo mpaka leo sijui ni nini. Mchanganyiko huo ulikuwa unaniishia kwa wiki moja, maana nilipaka mwili mzima. Mwezi wa tatu mapaja yakajaa michirizi, kidonda kidogo hakiponi, nikasema basi. Nikatupa kila kitu siku hiyohiyo.

Wiki ya pili nguvu zikaniisha. Uchovu wa kazi naujua, huu si wenyewe. Nikiinama kumvalisha bibi soksi, nikiinuka naona giza. Kichefuchefu kila nikiamka, chakula hakipiti, nimepungua kilo tano. Mwenzangu kazini akanionyesha kipimo cha kuagiza mtandaoni: unajitoboa kidole, unadondoshea damu kwenye kichupa, unatuma kwa posta. Nikajitoboa saa tisa alasiri nilipoamka. Damu ilikuwa haitoki, nikakamua kidole mpaka kikawa cheupe.

Majibu yamekuja kwenye simu: kotisoli nanomoli 118 kwa lita, yameandikwa kwa rangi nyekundu. Hakuna wa kumuuliza. Hizi tezi za juu ya figo ndiyo zimekufa? Nipake tena kidogo nipate nafuu? Na vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi tii, nimesoma kwamba ugonjwa wa Addison, ule wa tezi hizo kuharibika, hufanya ngozi iwe nyeusi. Kwa daktari naona aibu. Kwenye fomu niliandika kuwa situmii dawa yoyote.

Mtu_wa_Maabara, Mwanza

Pole sana dada. Nafanya kazi maabara, na kwenye karatasi ya kotisoli kitu cha kwanza ninachotafuta ni saa, kisha namba.

Homoni hii hupanda alfajiri, hufika juu kabisa karibu na saa mbili asubuhi, halafu hushuka mpaka usiku wa manane. 118 ya saa tisa alasiri kwa mtu aliyelala usiku inaweza isiwe na neno. 118 ileile saa mbili asubuhi inatisha. Sasa wewe unalala mchana, mwili wako una asubuhi yake. Hiyo rangi nyekundu imewekwa na mashine isiyojua kama umetoka zamu.

Halafu huko kukamua. Ukikamua sana chembe za damu hupasuka na maji ya mwilini huchanganyika na damu. Sampuli ya hivyo sisi mara nyingi tunaikataa. Kidole huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mkono unaning'inizwa, damu inashuka yenyewe.

Na dawa. Aliyemeza prednisoloni (steroidi ya vidonge), vipimo vingi huihesabu kama kotisoli. Haidrokotisoni ndiyo kotisoli yenyewe, kwa hiyo hata krimu yake ikibaki kidoleni inadanganya kipimo. Vidonge vya majira vyenye estrojeni hupandisha namba. Klobetasoli yenyewe haihesabiki hivyo, kazi yake ni kuzizima tezi. Kwa hiyo dalili zako mimi zinanitia wasiwasi kuliko hiyo 118.

Binti_Pangani

Mdogo wangu, mimi huo Addison ninao. Tezi zangu ziliharibiwa na TB. Weusi wangu ulianzia kwenye ufizi, mistari ya viganja na kovu la zamani la goti. Na chumvi! Nilikuwa nakula embe bichi kwa ajili ya chumvi tu. Angalia ufizi wako. Kama ni vifundo peke yake, huo ni weusi unaoachwa na mkorogo, tunauona kila siku.

Kwako naona ubongo ulizoea steroidi zinazopenya kwenye ngozi, ukaacha kuziamuru tezi. Zimelala, na mara nyingi huamka, ila kwa miezi. Krimu usiirudie kwa kubahatisha. Lakini usikae ndani pia. Nenda leo. Ukianza kutapika, kuchanganyikiwa au kuzimia, piga 999, namba ya dharura ya huko, useme: "Nimetumia steroidi kali miaka sita, nimeacha ghafla." Mimi nililetwa hospitali nikiwa natapika vidonge vyangu, shinikizo limeshuka, na mume wangu hakujua aseme nini. Sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 ndiyo iliyonirudisha. Mwandikie Baba Twaha hiyo sentensi, aiweke kwenye simu.

Nesi_Birmingham

Wifi yangu, mwongozo wa 2024 wa NICE (taasisi inayotoa miongozo ya tiba hapa Uingereza) unataka damu ya saa mbili hadi saa tatu asubuhi. Chini ya 150 unapelekwa kwa bingwa wa homoni, 150 hadi 300 inarudiwa, ikizidi 300 kwa kawaida tezi ni nzima. Waambie kuhusu zamu. Wakiona haja, kuna kipimo cha Synacthen: unachukuliwa damu, unachomwa sindano ya kuziamsha tezi, baada ya nusu saa damu tena. Hicho hakiji kwa posta.

Fomu isahihishe. Klobetasoli kikomo chake ni gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki chache tu. Wewe ulipaka 60 kwa miaka sita. Daktari asipojua hilo atakutafutia upungufu wa damu na msongo wa mawazo mpaka uanguke. Na uombe kadi ya dharura ya steroidi ya NHS (huduma ya afya ya umma hapa), ukae nayo kwenye pochi.

MamaTwaha, Leicester

Mungu awalipe. Nilikwenda siku ileile, nimebeba na tyubu tupu niliyoikuta kwenye begi la safari. Niliiweka mezani kwa sababu mdomo ulikataa kusema. Daktari akaisoma, akasogeza kiti. Hakunigombeza.

Damu ya saa mbili na nusu asubuhi, baada ya siku tatu za mapumziko nikilala usiku: 74. Ufizi wangu hauna weusi. Synacthen ni wiki ijayo. Nimeanza haidrokotisoni, 10 nikiamka, 5 na 5 baadaye, na siku za zamu "nikiamka" ni alasiri. Nikipata homa naongeza mara mbili. Jana nimemvalisha bibi soksi zote mbili nikainuka bila kushika kitanda.

Dada yangu yuko Mbagala, anapaka uleule, tena anataka kuacha baada ya kusikia yangu. Nimemwambia asitupe kitu kwanza. Hapo Dar aanzie wapi kupima kotisoli ya asubuhi na kupunguziwa taratibu? Anayejua kliniki ya homoni anisaidie, ana watoto watatu na anaishi nao peke yake.