Kusajili alama ya biashara Kenya na Uganda ukiwa Mwanza: nchi moja moja, ARIPO au Madrid?

mkaanga_dagaa
Wakuu habari za jioni. Niko Kirumba, nanunua dagaa Mwaloni nakaanga na kufungasha pakiti za gramu 100 na 250. Mwaka huu mzigo umeanza kuvuka Sirari kwenda Kisumu, na kuna mama wa Kampala anachukua kupitia Mutukula. Sasa huyu mteja wa Kisumu kaniambia atanisajilia jina kule Kenya, ila liandikwe kwa jina lake ili iwe rahisi. Moyo umekataa ila sijui nimjibu nini. Naskia kuna njia tatu, kwenda nchi moja moja, kupitia ARIPO ya Harare (shirika la nchi za Afrika la mambo ya alama na ubunifu), au ile ya kimataifa ya Madrid, ombi moja kwa nchi nyingi. Ipi inafaa kwa mtu wa mtaji kama wangu? Hapa nyumbani niko sawa, jina nilishasajili BRELA, ofisi ya usajili wa biashara, mwaka juzi.

binti_igoma
Kaka usikubali hata kidogo. Mimi natengeneza sabuni ya maji, msambazaji wangu wa nje alisajili jina langu na nembo yangu kimya kimya, nikaja kujua siku nataka kubadilisha msambazaji, akanionyesha hati na kuniambia mzigo wowote wenye jina lile ukiingia kule bila yeye ataukamatisha. Kesi ya kufuta usajili wa mtu nchi ya watu ni hela na ni miaka, nikaamua kubadilisha jina kwa soko lile, lebo zilizokuwa zimeshachapwa zimebaki stoo mpaka leo na wateja ikabidi niwazoeshe upya. Iliniuma sana. Hati ikiandikwa jina lake mwenye mali ni yeye, hata kama dagaa unakaanga wewe usiku kucha.

wakala_nyegezi
Dada pole sana, haya tunayaona mara nyingi. Mkaanga dagaa, usajili wa alama unaishia mpakani, wa Tanzania Bara haukulindi Kenya, na hata Zanzibar wana ofisi yao.

Madrid: Tanzania haimo, kwa hiyo wewe kama Mtanzania mwenye biashara Mwanza tu huwezi kuombea hapa. Kenya imo toka 1998 na Rwanda toka 2013, Uganda haimo.

ARIPO: alama za biashara ziko chini ya Itifaki ya Banjul, Tanzania na Uganda zimo. Hapa ndipo watu wengi wanapotea, Kenya ni mwanachama wa ARIPO lakini Banjul hayumo, kwa hiyo ombi la Harare halikupi Kenya. Jingine ni kwamba nchi zenye mfumo wa sheria kama wetu mkataba hauwi sheria mpaka Bunge liuingize, na kwetu Banjul haijaingizwa kwenye sheria ya alama ya 1986, mawakili wengi hawaitegemei peke yake mahakamani.

Kwa nchi mbili tu mimi nakushauri nchi moja moja. Ofisi ya alama Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB, kote unaweka wakala wa kule maana wewe si mkazi. Unaanza na upekuzi wa jina, unalipia ombi, wakiridhika linatangazwa, na watu wana siku 60 za kuweka pingamizi. Bidhaa zimegawanywa kwa madaraja na unalipia kila daraja, dagaa waliokaangwa wanaingia daraja la 29, ukija na unga wa lishe hilo ni daraja la 30 na malipo yake.

dereva_sirari
Vipi akifungua kampuni Kisumu halafu apitie Madrid kwa mgongo wa Kenya? Nimewaona watu wakifanya.

wakala_nyegezi
Inawezekana kama ana biashara ya kweli kule, siyo sanduku la posta. Raha yake ni ombi moja na kulipia upya mara moja kila miaka 10 kwa nchi zote. Ila miaka 5 ya kwanza alama yote inaning'inia kwenye ile ya Kenya, hiyo ikifutwa na zingine zinaanguka nayo, unabaki na miezi 3 ya kuomba zigeuzwe za nchi moja moja. Na akitaka Uganda bado atarudi URSB. Kwa pakiti za dagaa ni mzigo mzito bure.

mama_mchele_buhongwa
Na Goma jamani? Mchele wangu unaenda huko kila mwezi.

wakala_nyegezi
Mama Congo ya Kinshasa hayumo Madrid wala Banjul, ni moja kwa moja kwao. Usichanganye na Brazzaville, ile iko OAPI, shirika jingine la Afrika la alama, wengi wao nchi za Kifaransa.

binti_igoma
Halafu kaka, ulisajili nini BRELA? Alama au jina la biashara? Mimi nilikuwa na cheti cha jina la biashara nikadhani nimelindwa.

mkaanga_dagaa
Nimeenda kukitoa kwenye faili... kimeandikwa jina la biashara. Kwa hiyo miaka yote hii sina kitu?

wakala_nyegezi
Jina la biashara linaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani, jina kwenye pakiti linalindwa na usajili wa alama. Usikate tamaa, hapa una nafasi nzuri. Peleka ombi la alama BRELA sasa, ukishapata tarehe ya ombi una miezi 6 chini ya Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda alama na uvumbuzi, kwenda Kenya na Uganda na kuhesabiwa kama uliomba siku ile ile ya Mwanza, hata mtu akijipenyeza katikati wewe uko mbele yake. Mwombaji awe yule yule kote, usiombe hapa kwa jina lako kule kwa jina la kampuni. Na huyo wa Kisumu asijue tarehe zako.

Kulitunza nako kuna kazi yake. Bara na Uganda mara ya kwanza ni miaka 7 halafu 10 10, Kenya ni 10 toka mwanzo. Ukichelewa kulipia, Paris inataka upewe angalau miezi 6 ya kulipa na faini, ila usiizoee. Na ulitumie jina, hapa kwetu likikaa miaka 3 bila kutumika mtu anaweza kuomba lifutwe, Kenya ni 5. Kwa hiyo tunza invoisi na karatasi za forodha za kila mzigo.

mkaanga_dagaa
Ahsanteni sana wakuu, dada wa Igoma Mungu akubariki. Karatasi za Sirari nilikuwa nazitupa. Jina linasomeka "Dagaa Watamu" na picha ya mtumbwi, litapita?

wakala_nyegezi
Maneno peke yake hapana, yanaeleza bidhaa na kuisifia, kila mkaanga dagaa ana haki ya kuyatumia. Tafuta neno lisiloelezea dagaa, hata la Kisukuma, na usiliandike hapa.