Alama za kitambaa nyuma ya mabamba ya dhahabu ya wahamaji wa nyika: zimetokana na nini?

Kalibu_Moto:
Wakuu, naomba msaada wa wanaojua usonara wa kale. Yale mabamba ya mikanda ya wahamaji wa nyika za Asia, yenye simbamarara anayepigana na nguruwe mwitu na mengine ya aina hiyo, kwa mbele yana nakshi safi kabisa. Ukiangalia picha za mgongoni unakuta alama za nyuzi, mtande na mshindio vinaonekana wazi. Yapo hivyo katika mkusanyo wa Siberia wa Petro Mkuu, mfalme wa Urusi, ulioko jumba la makumbusho la Hermitage, na yapo ya Xigoupan, eneo la Ordos kaskazini mwa China. Je, kitambaa kiligandamizwa kwenye dhahabu ikiwa bado moto? Na mbona yule ayala wa dhahabu wa Kostromskaya, pambo lingine maarufu la wahamaji hao, hana alama hizo?

Mivukuto:
Haiwezekani, mkuu. Dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1064 za Selsiasi. Hata ikishaanza kuganda ingekiunguza kitambaa papo hapo. Kitambaa kilikuwa kwenye nta, na kilikwisha kuungua kabla dhahabu haijamiminwa.

Kazi ilikwenda hivi. Fundi anachonga kielelezo cha mti au udongo, anakigandamiza kwenye udongo laini apate kalibu yenye mnyama kinyumenyume, kisha anaiacha ikauke. Ndani ya kalibu hiyo anatandaza nta ya nyuki iliyolainika, au kitambaa kilicholoweshwa nta, na kukisukuma kwa vidole hadi kiingie kwenye kila kona ya pembe na kwato. Hapo kitambaa kina kazi mbili: kinaipa nta unene ulio sawa kila mahali, na kinaizuia isipinde wala kuchanika inapobanduliwa. Nta tupu yenye unene wa milimita moja au mbili hukatika shingoni mwa mnyama ukiigusa tu.

Baada ya kubandua, vitanzi vya nta vinabandikwa mgongoni, pamoja na kijiti cha njia ya kumiminia na vingine vyembamba vya kutolea hewa. Kisha nta yote inafunikwa kwa udongo, tabaka juu ya tabaka. Tabaka la kwanza liwe laini kama uji, maana ndilo linalobeba nakshi. Yanayofuata yachanganywe na mchanga na majani makavu yaliyokatwakatwa ili gesi zipenye. Acha likauke kivulini, ukiharakisha, linapasuka. Kisha lipashe moto, tundu likiwa chini: nta inatoka kwenye nyuzijoto 65 hivi, halafu unapandisha joto hadi udongo uwe mwekundu.

Wengi huharibu hapo. Nta ikitoka wanadhani kazi imekwisha, kumbe nyuzi za kitambaa bado ni makaa ndani. Makaa na majivu yakibaki, metali inatoka na vitundu. Unyevu ukibaki ni hatari zaidi, kwa sababu mvuke unairusha metali nje.

Kukadiria metali, pima kielelezo cha nta. Kwa dhahabu zidisha mara 20, kwa shaba nyeusi mara 9, kisha ongeza ya njia ya kumiminia. Gramu 15 za nta zinataka kama gramu 300 za dhahabu. Kitambaa ni kizito kidogo kuliko nta, kwa hiyo hesabu hii inazidisha kiasi, na bora izidi kuliko ipungue.

Nyika_na_Farasi:
Kuhusu Kostromskaya: yule alipatikana Kuban, kusini mwa Urusi, mwaka 1897, ana urefu wa karibu sentimita 32, na ni bamba lililofuliwa, halikusubiwa, yaani halikumiminwa kwenye kalibu. Bamba linainuliwa kwa kugongwa kutoka nyuma, linapashwa moto kila linapokuwa gumu ili lisipasuke, halafu mistari inakaziwa kutoka mbele. Mgongo wake ni mabonde yanayofuata umbo la mbele. Hakukuwa na nta, basi nyuzi zingetoka wapi?

Angalia pia bega na paja lake: ni nyuso bapa zinazokutana kwenye kingo kali. Huo ni mkono wa mchonga miti. Makaburi ya wahamaji ya Pazyryk kule milima ya Altai, Siberia, ambako barafu ilihifadhi mbao, yalitoa mapambo ya farasi ya mti yaliyofunikwa karatasi nyembamba ya dhahabu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuelewa sanaa hii aanze na mti, dhahabu ije baadaye.

Mizani:
Naongeza jambo ambalo husahaulika: si kila pambo la wahamaji lilitengenezwa na wahamaji. Mabamba mawili ya Xigoupan yamechorwa mgongoni maandishi ya Kichina yanayotaja uzito kwa jin, liang na zhu (liang 16 kwa jin moja, zhu 24 kwa liang moja). Na mwaka 1999, pembezoni mwa Xi'an, lilifukuliwa kaburi la fundi wa kusubu likiwa na vielelezo vya udongo, vingine vikiwa na wanyama wa mtindo huu huu wa kaskazini. Karakana za Kichina zilikuwa zinapokea oda.

Kalibu_Moto:
Nimewaelewa, asanteni. Sasa nikikuta bamba la shaba nyeusi linauzwa na lina alama za nyuzi, je, ni dalili kwamba ni la kale?

Mivukuto:
Peke yake haitoshi, hata wa kughushi wanajua mbinu hiyo. Anza kwa kutazama nyuzi zimeinuka au zimezama. Kitambaa kikiwa sehemu ya kielelezo, nyuzi huinuka kama nguo yenyewe. Kikigandamizwa juu ya nta na kuondolewa, zinabaki mifereji. Zote mbili zinawezekana, ila zisichanganyike ovyo kwenye bamba moja.

Halafu tazama vitanzi kwa lenzi: vya nta huungana na bamba bila mshono, vya kulehemu huacha ukingo wa rangi tofauti. Mwisho, ulizia kilikofukuliwa. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, achana nacho; hata kikiwa cha kweli, basi kimeibwa kaburini.